Mzawa Hapimwi

Iko nchi iitwayo Shwarini. Haipakani na nchi yoyote unayoifahamu, kwa hiyo msomaji asianze kuchungulia dirishani. Ni nchi njema, yenye milima miwili, mto mmoja na wizara arobaini na moja, na wananchi wake hawaugui. Jambo hilo limeandikwa katika Katiba, kifungu cha tatu, mara baada ya kifungu kinachosema kwamba hawana njaa.

Hata hivyo watu walionekana wakikohoa, wakishikwa na homa, na wengine wakifa bila kuomba ruhusa. Serikali ilikaa siku nyingi ikilitafakari jambo hilo, mwisho ikagundua kwamba magonjwa yale hayakuwa ya Shwarini hata kidogo. Yalikuwa magonjwa ya nje yaliyokuja kutembea. Basi Wizara ya Afya ikaunganishwa na Idara ya Mipaka, ikawa Wizara ya Afya na Mipaka, na tangu hapo mtu akienda hospitali na homa aliulizwa kwanza homa yake imeingilia lango gani. Hata vitabu vya shule vilirekebishwa. Ile methali ya wazee, mgeni njoo mwenyeji apone, ilifutwa kwa kuhatarisha usalama, pakaandikwa: mgeni njoo tukupime.

Waziri wa wizara hiyo alikuwa Mheshimiwa Ngurumo Majigambo, aliyekuwa na udaktari wa heshima katika mambo matano, na hakuna hata moja lililohusu mwili wa binadamu. Mwaka huo alitangaza redioni kampeni kubwa ya kuwapima watoto wa shule kifua kikuu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kifua kikuu ni kikuu, lakini Shwarini ni kuu zaidi. Hatuwezi kukaa tukitazama vifua vya watu vikivuka mto. Tutampima kila mtoto wa mhamiaji. Mzawa hapimwi. Kumpima mzawa ni kumshuku, na kumshuku mzawa ni kuishuku ardhi yenyewe."

Hotuba ilirudiwa mara tatu siku hiyo, kwa ajili ya waliokuwa wameielewa.

*

Katika mji wa Ukingoni, kando ya Mto Chovya, ambao mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo, hakuna aliyeisikiliza hotuba ile kwa furaha kama Mzee Mwinyikai Chimbuko. Alikuwa mtu wa miaka sitini na minane, mrefu, aliyevaa koti juu ya kanzu hata jua likiwa la utosi. Alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuthibitisha Uzawa. Mlangoni kwake palikuwa na kibao kilichoandikwa CHIMBUKO: SISI TULIKUWEPO. Watu wengine, alieleza kwa yeyote aliyesimama kukisoma, wana walikotoka. Ukoo wa Chimbuko haukutoka kokote. Uliota.

Kazi yake ilikuwa kuwatambua wageni, na aliifanya kwa njia za kisayansi. Mtu aliletwa mbele ya kamati akaambiwa ajifanye anafukuza kuku. Mzawa wa kweli, kwa mujibu wa utafiti wa Mzee Mwinyikai, humfukuza kuku kwa kusema "swa". Aliyesema "shii" alikuwa mhamiaji, hata kama yeye na baba yake na kuku mwenyewe walikuwa wamezaliwa Ukingoni. Shule ya mji ilikuwa na wanafunzi mia nne na kumi na wawili. Katika siku nne kamati iliwasikiliza wote, ikapata wahamiaji themanini na sita, wakiwamo watatu ambao hawakusema neno bali waliokota jiwe. Hao waliandikwa kama wahamiaji wa kimyakimya.

Tatizo dogo lilikuwa kwamba mwenyekiti mwenyewe alikuwa akikohoa. Alianza tangu mvua za mwisho, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu. Alikohoa asubuhi, akakohoa kikaoni, akakohoa akitia sahihi mpaka sahihi ikawa na mikia. Lakini mwenyewe hakukubali kwamba anakohoa. Alisema anasafisha sauti, na katibu wake, Bwana Nukuu, mtu makini sana, aliandika katika kumbukumbu za kila kikao: "Mwenyekiti alisafisha sauti mara kumi na tisa."

Nyumbani aliishi na binti yake Kidawa, ambaye mumewe alifanya kazi mbali migodini, na mtoto wa Kidawa, msichana wa miaka tisa aitwaye Mashavu. Madirisha ya nyumba ile yote yalitazama mtoni, kwa hiyo Mzee Mwinyikai alikuwa ameyapigilia misumari ili hewa ya ng'ambo isiingie. Kila jioni babu na mjukuu walikaa bega kwa bega katika kile chumba kilichozibwa, Mashavu akimsomea babu yake gazeti la serikali, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yamechoka na maneno ya gazeti yalikuwa marefu. Babu alisafisha sauti, mtoto akasoma. Siku za karibuni mtoto naye alikuwa akisimama hata pasipo na nukta, akihema, kisha akaendelea. Mzee alidhani ni mtindo mpya wa kusoma unaofundishwa shuleni.

*

Gari la eksirei lilifika Ukingoni siku ya Jumanne. Lilikuwa lori refu lililopakwa rangi za bendera na kuandikwa ubavuni TUNAWAONA MPAKA NDANI. Lilikuja na watu sita: dereva, mfungua mlango, afisa itifaki, mpiga ngoma, mshika picha ya Waziri, na mtaalamu wa mashine, ambaye ndiye pekee hakuwa na sare. Akaazimwa pia Nesi Shemsa wa zahanati ya Ukingoni, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, awapange watoto kwenye foleni na kuchukua makohozi yao katika vikopo.

Wizara iliona si adabu kumpima mgeni mwenye njaa. Kila mtoto mhamiaji alipewa kikombe cha uji wa maziwa na paketi ya biskuti, akapandishwa kwenye lori, akapigwa picha ya kifua huku ngoma ikilia. Wazawa waliachwa nje ya uzio wakitazama, wakiwa na uzawa mtupu tumboni.

Haikuchukua muda. Kufikia saa nne palikuwa na watoto kama arobaini wa wazawa halisi waliobana uso kwenye uzio, wakifukuza kuku wasioonekana kwa sauti ya juu: shii, shii, shii. Mwalimu mkuu alipiga kengele, hawakusikia. Ikabidi Bwana Nukuu aje na daftari lake awatangazie kwamba mtu hawezi kujivua uzawa kwa ajili ya biskuti, na kwamba majina yao yamechukuliwa.

Miongoni mwao alikuwepo Mashavu. Yeye hakupiga kelele kama wenzake. Kila alipoanza kusema shii, kikohozi kililidaka neno kikaondoka nalo, naye akajikunja akiwa ameshika nguzo. Nesi Shemsa alikuwa ndani akipanga vikopo. Aliweka chini alichokuwa amekishika, akatoka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye uzio. Alimuuliza mtoto amekohoa kwa muda gani, na mtoto akasema hajui, ila ni tangu kabla babu hajamnunulia viatu. Nesi akamtazama miguuni. Viatu vilikuwa vimekwisha kisigino.

Alimwomba Bwana Nukuu aruhusu mtoto yule mmoja apimwe. Bwana Nukuu alimsomea waraka mara mbili, mara ya pili polepole. Mashine ilikuwa imeletwa kwa ajili ya wahamiaji. Ikimtazama mzawa, alisema, hakuna ajuaye itaona nini, na serikali haina utaratibu wa kuona jambo la namna hiyo.

*

Jumatano alasiri Nesi Shemsa alikwenda nyumbani kwa Mzee Mwinyikai. Akamwamkia, akakaribishwa kiti, akasema alilolijia bila kulizungusha: mjukuu wako anakohoa kikohozi nisichokipenda, gari linaondoka kesho saa sita mchana, na mashine nyingine iko safari ya siku mbili, nako wana waraka huohuo.

Mzee alicheka kwa upole, kama mtu aliyeambiwa kwamba mto unapanda mlima. Akamweleza nesi kuhusu ukoo wa Chimbuko na namna ulivyoota. Alipofika kwa babu wa tatu alikatizwa na kikohozi, akainama, akakaa ameinama kitambo.

"Mzee umeanza lini kukohoa?" aliuliza Nesi Shemsa.

"Sikohoi. Nasafisha sauti."

"Kwa muda gani?"

"Miezi mitatu. Ilikuwa chafu."

Hapo Kidawa, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, aliliweka sinia sakafuni. Hakuwa mtu wa kumkatiza baba yake. Alisema akitazama chini kwamba tangu mavuno kila alfajiri mtoto huamka na shuka limelowa jasho, kiasi cha kukamua. "Nimewaambia majirani anakojoa kitandani," alisema. "Mtoto mwenyewe ndiye aliyeniomba niseme hivyo, Baba. Alisema ukisikia anaumwa utaona aibu."

Nesi alieleza kwamba kifua kikuu cha mtoto kwa kawaida hutoka kwa mtu mzima aliye karibu naye, anayekohoa katika chumba kimoja naye, hasa chumba kisichopitisha hewa. Akayatazama madirisha na misumari yake. Kisha akauliza kama kuna mgeni yeyote ndani ya nyumba ile.

Mzee aliwahesabu: yeye, Kidawa, Mashavu. Wazawa watupu. Akafikiri sana. Akakumbuka kwamba mbuzi alinunuliwa ng'ambo. Akatoka uani, akamshika mbuzi kidevu, akamtazama puani na mdomoni, akaweka sikio ubavuni mwake akasikiliza kwa muda mrefu, Nesi Shemsa na Kidawa wakimwangalia kutoka mlangoni. Mbuzi alikuwa mzima kabisa. Alikula kifungo cha koti.

Mashavu alikuwa ameketi juu ya jiwe la kufulia, akifunga upya mkanda wa sare yake. Mkanda ule mwaka jana ulifika mara moja tu kiunoni. Sasa ulizunguka mara mbili, na bado ukabaki mkia. Babu yake alimwona akiuzungusha. Akamwachia mbuzi.

Aliporudi barazani alikuwa na swali moja tu, nalo lilikuwa la kiutaratibu. Aliuliza ni fomu gani humfanya mtu kuwa mhamiaji. Kisha akakumbuka kwamba fomu ile aliitunga mwenyewe.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi kamati ilikutana kwa dharura. Ajenda ilikuwa moja: ombi la Mwenyekiti kutangazwa mgeni. Kwa mujibu wa kanuni alizoziandika yeye, mtoto hufuata ukoo wa babu anayemlea. Hivyo Mashavu asingeweza kuwa mhamiaji mpaka Mzee Mwinyikai awe mhamiaji kwanza.

Wajumbe sita walimtazama kama waliosikia jogoo akiomba kutaga. Mmoja alisema haiwezekani, kwa sababu vyeti vyote vya uzawa mjini vina sahihi ya Mwenyekiti. Ikiwa Mwenyekiti ni mgeni, sahihi ni ya kigeni, vyeti ni batili, na kikao hiki chenyewe hakina mzawa hata mmoja wa kukifunga. Wa pili alipendekeza waahirishe mpaka mwezi ujao, jambo liive.

Mzee akaomba apimwe kwa kanuni. Wakamwambia afukuze kuku. Alisimama, akavuta pumzi, akasema, "Shii."

Bwana Nukuu aliinamia daftari, akaandika, kisha akasoma alichoandika: Mwenyekiti amesema shii, lakini kwa lafudhi ya kizawa. Kwa hiyo ushahidi haujatosha. Kanuni ya kumi na nne inadai mashahidi watatu, nao wawe wahamiaji walioorodheshwa, kwa kuwa mgeni humjua mgeni mwenzake.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na nusu. Mzee Mwinyikai alichukua kofia yake akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti alishuka mpaka mtaa wa mtoni, ambako alikuwa amewahamishia wale wote aliowaandika. Alitembea akisimama kila baada ya nyumba chache kusafisha sauti. Mwanamke aliyekuwa akifagia alimwona akaingia ndani, akafunga mlango na kuku wake.

*

Alikwenda kwa Bibi Nyamizi. Huyu alikuwa mkunga mstaafu wa miaka zaidi ya themanini. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, akiwamo Kidawa, ambaye kitovu chake alikikata yeye. Mwaka uliopita aliletwa mbele ya kamati, akasema shii, akaandikwa mhamiaji. Sasa alikaa uani kwake akikaanga maandazi.

"Nimekuja kuomba ushahidi," alisema Mzee Mwinyikai, "kwamba mimi ni mgeni."

Bibi Nyamizi aligeuza andazi. "Mgeni tangu lini?"

"Tangu saa mbili asubuhi."

Akamweleza habari ya Mashavu. Alikusudia kueleza kwa ufupi na kwa heshima ya cheo chake, lakini alipofika kwenye mkanda alijikuta akizungusha mkono kiunoni mwake mwenyewe, mara mbili. Bibi Nyamizi alimsogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa. Kwa hiyo umetaka nikusingizie?"

"Ndiyo, dada. Unisingizie."

"Siwezi kukusingizia. Nitasema kweli tu." Aliepua maandazi mawili, akaendelea. "Babu yako alikuja hapa akimfuata mbuzi. Mbuzi alivuka mto, akaona majani, akagoma kurudi. Babu yako akasema atangoja mpaka mbuzi akubali. Mbuzi alizeekea hapa hapa. Bibi yangu ndiye aliyewapa maji siku ya kwanza."

"Alimpa maji mbuzi, au babu?"

"Wote wawili. Mbuzi alishukuru."

Kulikuwa na jambo ambalo Mzee Mwinyikai hakuwahi kumwambia mtu, wala yeye mwenyewe hakujiambia. Alipokuwa mdogo kabla hajaanza shule, babu yake alikuwa akianika mtama mbele ya nyumba, na kuku walipokuja, mzee yule aliinua fimbo yake akawaambia shii. Alikuwa ameifukia sauti hiyo miaka sitini, akajengea kamati nzima juu yake.

"Mwaka jana nilipokuja mbele yenu," alisema Bibi Nyamizi, "niliuliza nisimame upande gani. Ulinionyesha kwa kidole. Hukunitazama."

"Nilijua nikikutazama nitaona aibu. Nisamehe, dada."

Mwanamke yule aliangalia mafuta yakichemka. Akavuta kuni nje ya jiko moja moja, akazizima kwenye mchanga, akafunika maandazi kwa kawa. Akawaita majirani wawili. Kisha akamwambia Mzee ampe mkono, maana njia ni ya kupanda na yeye magoti hayamtaki.

*

Ushahidi ulichukua robo saa. Mashahidi wawili waliapa kwamba wamesikia habari za mbuzi kwa wazazi wao, na wa tatu, Bibi Nyamizi, alitaja hadi rangi ya mbuzi mwenyewe. Kamati ikapitisha, kwa kuwa fomu ilikuwa imejaa na fomu iliyojaa ni sheria katika Shwarini. Kuhusu ubatili wa vyeti vyote vya mji, ilikubaliwa kwamba lisizungumzwe. Bwana Nukuu alitafuta muhuri. Wino ulikuwa umekauka. Akaagiza soda ya zambarau dukani, akachovya muhuri, akagonga.

Mashavu alikuwa amekwisha kuletwa na mama yake, naye akapewa cheti akisome kwa sauti. Kilisema: "Inathibitishwa kwamba Mwinyikai Chimbuko pamoja na uzao wake wote ni wahamiaji, walioingia Shwarini nyuma ya mbuzi, bila kibali chao wala cha mbuzi." Alisoma vizuri, akisimama mara tatu kuhema.

Walipofika uwanja wa shule lori lilikuwa limekwisha kuwashwa na afisa itifaki ameketi mbele. Nesi Shemsa alikuwa amesimama mbele ya gurudumu. Hakuwa akiondoka, na dereva alikuwa amechoka kupiga honi. Nesi alikipokea cheti, akakiinua kwenye kioo ili afisa itifaki akione, na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mashavu alipigwa picha, akatema makohozi, akapewa uji na biskuti. Babu yake alifuata, kwa kuwa kanuni ilisema mhamiaji hupimwa pamoja na jamaa yake. Mpiga ngoma alipiga kwa heshima zaidi kidogo.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili. Wote wawili walikuwa na kifua kikuu. Kidawa, aliyepimwa pamoja nao kwenye lori, hakuwa nacho, lakini naye alipewa vidonge vya kumkinga. Nesi Shemsa aliwaeleza barazani, polepole, kwamba ni ugonjwa unaopona, kwamba dawa ni miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kwamba madirisha lazima yafunguliwe leo hii. Kidawa akaenda kutafuta nyundo.

Mzee Mwinyikai aliuliza swali aliloliogopa tangu juzi. "Kwa hiyo ni mimi niliyempa?"

Nesi hakumdanganya. "Ni wewe, mzee. Na ni wewe uliyempeleka akapimwa. Yote mawili yaandike."

Mzee aliinamisha kichwa. Mashavu alikuwa akisikiliza. Alisogea karibu na babu yake, akakumbuka kwamba ameambiwa asikae karibu kwa majuma ya mwanzo, akarudi nyuma kiti kimoja, akamkunjulia gazeti kutoka huko akaanza kumsomea kwa sauti ya juu.

*

Miezi ile sita ilipita kama inavyopita miezi ya dawa, yaani kwa siku. Juma la kwanza mkojo wa Mzee Mwinyikai uligeuka rangi ya chungwa, ambayo ndiyo rangi ya bendera ya nchi ya ng'ambo. Aliuona huo kuwa ushahidi wa nne, akataka kuupeleka kwa kamati. Nesi Shemsa alimwambia ni dawa tu, amwage. Uenyekiti ulikwenda kwa Bwana Nukuu. Kibao cha mlangoni mzee alikishusha mwenyewe, akakitumia kuzibia tundu la zizi la mbuzi.

Katika mwezi wa tatu Mheshimiwa Majigambo alitoa taarifa ya kampeni. Alisema kwa fahari kwamba katika Ukingoni walipatikana wagonjwa wawili, na wote wawili, pasipo shaka na kwa vyeti, walikuwa wahamiaji. Miongoni mwa wazawa hakupatikana mgonjwa hata mmoja, kwa kuwa hakupimwa hata mmoja. Sayansi ilikuwa imesema. Kwa kuiwezesha kusema, Waziri alijitunuku Nishani ya Kuona Mbali, akajivalisha, akajipigia saluti, akaipokea.

Gari lilirudi mwaka uliofuata. Kanuni mpya ya Bwana Nukuu ilisema fomu za wahamiaji zijazwe na mhamiaji, ili wazawa wasijichoshe. Nesi Shemsa akamwomba Mzee Mwinyikai, ambaye sasa alikuwa amepona na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alikaa kwenye dawati chini ya dirisha la darasa la tatu, na nesi akawapanga watoto wote, wazawa kwa wahamiaji. Alipofika swali la tano alisimama kidogo. Alikuwa amelitunga yeye miaka mingi iliyopita na hakuwahi kulisoma vizuri. Liliuliza: "Kabla ya kufika Ukingoni, mtoto alikuwa wapi?"

Alimtazama mtoto aliyekuwa mbele yake, mzawa wa vizazi visivyohesabika, mwanawe Bwana Nukuu.

"Kabla hujafika hapa ulikuwa wapi?"

Mtoto alifikiri kwa bidii. "Tumboni mwa mama."

Mzee aliandika. Safari ilichukua muda gani? Miezi tisa. Aliingia na hati zozote? Hapana, aliingia uchi. Fomu ikajaa. Akagonga muhuri, akasema, "Anayefuata."

Bwana Nukuu aliletewa fomu zile kwa mafungu, akazikagua usiku na mchana akitafuta kosa. Hakuna nafasi iliyokuwa wazi wala jibu lililokuwa la uongo, na yeye alikuwa mtu makini sana. Akazipitisha. Wanafunzi wote mia nne na kumi na wawili walikunywa uji, wakala biskuti, wakapigwa picha. Watano walikutwa na kifua kikuu, na mmojawao alikuwa mtoto wa Bwana Nukuu mwenyewe. Bwana Nukuu alikuja kwa Mzee Mwinyikai jioni ile, akakaa, akanywa chai yote, akaomba aelezwe vidonge hunywewa saa ngapi. Mzee akamweleza. Akamwambia na habari ya mkojo, asije akashtuka.

Lakini makao makuu ya Wizara taarifa ilizua taharuki. Wahamiaji wapya mia tatu ishirini na watano walikuwa wameingia mji mmoja, bila hati, wakiwa uchi, na hakuna mlinzi wa mpaka aliyewaona. Waziri alilihutubia taifa. Alisema kuna tundu mahali, na tundu hilo litazibwa. Askari kumi na wawili walitumwa Ukingoni na darubini, kamba na saruji.

Walitembea kingo za Mto Chovya siku tano, wasione kitu isipokuwa mbuzi. Siku ya sita mkuu wao, sajini mwenye mashavu mekundu kwa jua, alikuja kwa Mzee Mwinyikai, aliyesifika kama mhamiaji mwenye kumbukumbu, akamuuliza kwa adabu kama anajua watoto wale walipitia wapi. Mzee alikuwa barazani na madirisha yote yako wazi. Alisema yeye ni mwanamume na hajui sana mambo hayo, lakini mama zao bila shaka wanajua. Wawaulize.

Askari waligawana nyumba, wakaenda kuuliza. Waliingia wawili wawili, wakawasomea kina mama hati ya serikali inayowataka waonyeshe tundu ili lizibwe kwa saruji. Nusu saa baadaye walionekana wakishuka barabara ya mtoni kwa mbio, bila darubini, wakifuatwa na miko, mipini ya majembe na mchi mmoja.

Taarifa yao ingali katika jalada la Wizara, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuipinga. Inasema tundu lipo na mahali lilipo panajulikana, ila ulinzi wake ni mkali mno.